James Monroe na Mabaharia wa Shokoa

Jina la James Monroe halisikiki sana katika mabaraza yetu, ingawa limeandikwa katika ramani ya Afrika. Monrovia, mji mkuu wa Liberia, uliitwa kwa jina lake mwaka 1824 alipokuwa angali Rais wa Marekani. Wanaofuatilia siasa za dunia nao humtaja kwa lile tangazo lake la Desemba 1823, la kuzionya dola za Ulaya zisithubutu tena kujitafutia makoloni katika bara la Amerika. Mambo hayo mawili ndiyo yaliyomvumisha.

Lakini kabla hajawa Rais, bwana huyu alimaliza miaka mingi katika jambo jingine ambalo siku hizi ni wachache walikumbukalo. Nalo ni habari ya mabaharia wa Kimarekani waliokuwa wakiteremshwa kwa nguvu kutoka merikebu zao, katikati ya bahari, wakaenda kutiwa shokoa katika manowari za Mfalme wa Uingereza. Jambo hilo lilimgombanisha na marafiki zake wawili wakubwa, likaitia doa kazi yake, na mwisho wake ni yeye mwenyewe aliyepeleka amri ya kuliacha.

KIJANA WA VIRGINIA

Monroe alizaliwa tarehe 28 Aprili 1758 katika wilaya ya Westmoreland, Virginia, wakati nchi hiyo ingali koloni la Waingereza. Baba yake, Spence Monroe, alikuwa na shamba la wastani na alijua useremala. Alifariki mwaka 1774, na kijana akawa chini ya uangalizi wa mjomba wake, Jaji Joseph Jones, aliyemtia katika chuo cha William and Mary. Chuoni hakukaa. Vita vya uhuru vilipowaka aliacha vitabu akashika bunduki, naye hajatimiza miaka 19. Asubuhi ya tarehe 26 Desemba 1776, katika mapigano ya Trenton, alikuwa miongoni mwa waliokimbilia mizinga ya adui ili waitwae kabla haijafyatuliwa. Risasi ilimpata begani ikakata mshipa mkubwa wa damu, na lau si tabibu mmoja aliyejitolea usiku ule ule kufuatana na kikosi chao, hadithi yetu ingekomea hapo. Risasi yenyewe haikutolewa. Alizikwa nayo.

Baadaye alisoma sheria kwa Thomas Jefferson, na kwa Jefferson akajuana na James Madison. Watatu hawa wa Virginia wakawa wandani wa siasa kwa umri wao wote, na wote watatu, mmoja baada ya mwingine, walikuja kuwa Marais. Monroe alioa mwaka 1786, akaingia Seneti mwaka 1790, na mwaka 1794 Rais George Washington akampeleka Paris awe balozi. Huko alimtoa gerezani mwandishi Thomas Paine, aliyekuwa karibu kufia ndani, lakini pia aliwaonyesha Wafaransa mapenzi ya wazi kupita vile Washington alivyotaka.

Mwaka huo huo wa 1794 mjumbe mwingine, John Jay, alifanya mkataba na Waingereza kule London. Mkataba wa Jay uliondoa vita, ila juu ya mabaharia waliotekwa haukutamka hata neno moja. Wafuasi wa Jefferson waliulaani. Monroe aliuchukia, hakuweza kuutetea mbele ya Wafaransa, na mwaka 1796 Washington akamrudisha nyumbani kwa fedheha. Tafadhali msomaji uyaweke hayo moyoni, kwani miaka kumi baadaye Monroe mwenyewe atatoka London na mkataba wenye upungufu ule ule.

ILIVYOKUWA SHOKOA YENYEWE

Yafaa tueleze jambo hili lilikuwaje, maana bila ya hilo ugomvi wote utaonekana kuwa ni wa karatasi tu.

Tangu mwaka 1793 Uingereza ilikuwa vitani na Ufaransa, na mbali na vituo vichache vya amani vita hivyo havikwisha mpaka mwaka 1815. Manowari zake zilihitaji zaidi ya watu laki moja. Watu wa kujitolea hawakutosha wala hawakukaribia kutosha, kwa sababu maisha ya manowari yalikuwa mazito: mshahara mdogo tena wa kucheleweshwa, mijeledi, chakula kibovu, na miaka kupita bila ya baharia kuruhusiwa kukanyaga pwani kwa kuchelea asitoroke. Kwa hiyo sheria ya kale ya Waingereza iliruhusu vikosi maalumu kuzunguka bandarini na kuwakamata mabaharia kwa nguvu. Waingereza wenyewe walikuwa ndio wa kwanza kuumia.

Merikebu za biashara za Marekani nazo wakati huo zilikuwa zikiongezeka mwaka hata mwaka, kwani bendera yao haikuwa upande wowote wa vita. Zililipa vizuri zaidi, na mkong'oto ulikuwa haba. Mabaharia wa Kiingereza walitoroka kwa maelfu wakahamia humo. Mwaka 1807 Waziri wa Fedha wa Marekani, Albert Gallatin, alipiga hesabu akaona kwamba watu kama 9,000 katika mabaharia hodari wa merikebu za nchi yake walikuwa Waingereza. Ni hesabu aliyoipeleka kwa Rais kwa siri, maana ilionyesha kuwa malalamiko ya Waingereza hayakuwa ya uwongo mtupu.

Basi manowari ya Kiingereza iionapo merikebu ya Marekani hupiga mzinga mmoja mbele ya omo kuwa ni ishara ya kusimama. Mashua huteremshwa. Luteni hupanda na askari wake, mabaharia hupangwa msitari juu ya sitaha, naye huwatazama mmoja mmoja na kuwasikiliza wanavyosema. Lugha ni moja, sura ni moja, na baba zao walitoka visiwa vile vile. Nani Mwingereza na nani Mmarekani? Mwenye kuhukumu ni ofisa ambaye manowari yake ina upungufu wa watu, na sote twajua hukumu ya hakimu wa namna hiyo huwaje. Akichukua wanne au watano walio hodari, merikebu huachwa iendelee na safari nusu ya watu wake hawapo, na ikipata dhoruba njiani hilo si shauri lake.

Mwaka 1796 Bunge la Marekani lilitunga sheria ya kuwapa mabaharia vyeti vya uraia. Cheti kilitaja kimo, rangi ya ngozi, makovu na mahali alipozaliwa mwenyewe. Mabaharia weusi walio huru, nao walikuwa wengi katika merikebu hizo, walipewa pia, na kwa wengi wao hiyo ilikuwa karatasi ya kwanza ya serikali kuwaita raia wa Marekani. Lakini vyeti viliuzwa na kununuliwa bandarini kwa pesa kidogo, na mtu mrefu aliweza kuonekana na cheti cha mtu mfupi. Maofisa wa Kiingereza wakapata sababu ya kuvidharau vyote, vya haki na vya hila.

Chini ya hayo palikuwa na mgongano wa sheria usioweza kusuluhishwa kwa maneno matamu. Waingereza walishikilia kwamba mtu aliyezaliwa raia wa Mfalme hubaki raia wake mpaka kaburini, hata ahamie wapi. Wamarekani, kwa sheria yao ya mwaka 1802, walimkubali mgeni kuwa raia baada ya kukaa kwao miaka 5. Hivyo mtu mmoja alikuwa na mabwana wawili, na mwenye mizinga mingi zaidi ndiye aliyemchukua.

Walichukuliwa wangapi? Orodha iliyotolewa na serikali ya Marekani mwaka 1812 ilikuwa na majina 6,257, baadhi yakiwa yamerudiwa na mengine mengi yakiwa hayamo. Wanahistoria wa leo hukadiria watu wapatao elfu kumi tangu mwaka 1793. Hata katika Victory, merikebu ya Amiri Nelson, siku ya mapigano ya Trafalgar mwaka 1805, mlikuwamo Wamarekani.

LONDON

Monroe alipewa ubalozi wa London mwaka 1803. Alikuwa ametoka Paris, ambako yeye na Robert Livingston walitia sahihi ununuzi wa nchi ya Louisiana kutoka kwa Napoleon kwa dola milioni 15, jambo lililoiongeza Marekani karibu ikawa mara mbili. Alifika London mwezi wa Julai akiwa mtu wa kutajwa. Balozi aliyemtangulia, Rufus King, alikuwa amewakaribisha Waingereza hadi mlangoni kabisa: walikuwa tayari kuacha kukamata watu bahari kuu kwa miaka mitano, kisha dakika za mwisho wakataka bahari zilizoizunguka Uingereza zitolewe katika ahadi hiyo. King akakataa, akasafiri kwao. Vita na Ufaransa vikafufuka, na mlango ukafungwa.

Monroe hakupata wa kumfungulia. Mwaka 1804 alipelekwa Hispania kutafuta nchi ya Florida, akakaa Madrid miezi kadhaa na kutoka mikono mitupu. Aliporudi London Julai 1805 alikuta mambo yameharibika zaidi: mahakama ya Waingereza ilikuwa imetoa hukumu iliyohalalisha kukamata bidhaa za makoloni ya Ufaransa na Hispania hata kama zimepitia bandari za Marekani, na merikebu za Kimarekani zikawa zinavutwa bandarini kama samaki. Aprili 1806 manowari ya Leander, ikizisimamisha merikebu nje ya bandari ya New York, ilipiga mzinga uliomwua baharia John Pierce, mtu aliyekuwa katika maji ya nchi yake mwenyewe. Watu wa New York waliutembeza mwili wake mitaani.

Hata hivyo mwaka huo ulileta tumaini. Charles James Fox, aliyekuwa rafiki wa Marekani tangu vita vya uhuru, alishika wizara ya mambo ya nchi za nje. Jefferson, ambaye sasa ni Rais, na Madison, Waziri wake wa Mambo ya Nchi za Nje, wakampeleka William Pinkney wa Maryland amsaidie Monroe. Maagizo waliyopewa yalikuwa wazi: pasipo kifungu cha kukomesha shokoa, hakuna mkataba.

Fox aliugua. Mnamo tarehe 13 Septemba 1806 akafariki. Mazungumzo yaliendeshwa na mpwa wake, Lord Holland, pamoja na Lord Auckland, watu waungwana waliotaka kwa dhati kupatana. Wamarekani walisema: acheni kukamata watu bahari kuu, nasi tutawarudisha watoro wenu kutoka bandari zetu. Holland na Auckland walikaribia kukubali. Wakubwa wa jeshi la majini na wanasheria wa Mfalme ndio waliokataa katakata. Kwao wao, kuachia haki hiyo Napoleon akiwa ameitwaa nusu ya Ulaya ni kama mtu kubomoa ukuta wa nyumba yake kwa kumridhisha jirani.

Tarehe 8 Novemba wajumbe wa Kiingereza walitoa barua badala ya kifungu. Waliahidi kwamba manahodha wataagizwa kuwa na hadhari kubwa, na mlalamishi wa haki atatazamwa upesi. Haki yenyewe hawakuiacha.

Hapa ndipo Monroe na Pinkney walipokabiliwa na uamuzi mgumu. Hapakuwa na simu ya waya wakati huo. Barua ilichukua mwezi au miwili kuvuka bahari, na jibu likachukua mingine. Walikuwa na mambo mawili: kusimama juu ya maagizo na kurudi bila kitu, au kuishika ahadi ile, wapate na unafuu wa biashara ambao Waingereza walikuwa tayari kuuandika. Monroe aliamini kuwa taifa changa lenye manowari za kuhesabika kwa vidole haliwezi kuipokonya dola kubwa ya bahari silaha yake kuu katikati ya vita, na kwamba ahadi ya barua ingepunguza mateso ya mabaharia hata kama haikuyamaliza. Wakatia sahihi tarehe 31 Desemba 1806.

Nionavyo, hakufanya hivyo kwa woga wala kwa kupenda Waingereza. Alikuwa amekaa karibu nao akawajua uwezo wao. Jefferson na Madison walikuwa mbali, na mtu aliye mbali huona haki zaidi kuliko nguvu. Lakini yeye pia alikuwa na kosa lake, nalo si dogo: maagizo hayakumwachia uhuru huo, na mbele ya macho yake palikuwa na mfano wa Jay.

Nakala ya mkataba ilifika Washington tarehe 3 Machi 1807. Jefferson aliuliza kama kuna kifungu juu ya mabaharia. Hakikuwako. Zaidi ya hayo Waingereza walikuwa wameambatisha tamko kwamba watautazama upya mkataba iwapo Marekani itanyamazia amri za Napoleon za kuifungia Uingereza biashara. Rais hakuupeleka Seneti hata kwa heshima ya kuujadili. Aliukataa mwenyewe, akawaagiza wajumbe waanze upya na serikali ambayo kufikia hapo ilikuwa imekwisha anguka, na mahali pa Fox amekaa George Canning, mtu wa ulimi mkali.

CHESAPEAKE

Tarehe 22 Juni 1807 manowari ya Kimarekani iitwayo Chesapeake ilitoka Norfolk, Virginia, kwenda bahari ya Mediterania. Ilikuwa bado haijajipanga: mizigo imejaa juu ya sitaha na mizinga haijatayarishwa. Karibu na rasi ya Henry manowari ya Kiingereza, Leopard, iliifuata ikataka kuikagua, kutafuta watoro. Komodoo James Barron alikataa, kama ilivyompasa, kwani kukagua merikebu ya biashara ni jambo moja na kukagua manowari ya dola ni jambo jingine kabisa. Leopard ikafyatua mizinga mfululizo kwa umbali wa karibu. Watu 3 walikufa na 18 wakajeruhiwa, Barron akiwamo. Wamarekani waliweza kupiga mzinga mmoja tu, ulioshwa na luteni mmoja kwa kaa la moto lililoletwa kutoka jikoni, ndipo bendera ikateremshwa.

Waingereza walichukua watu wanne. Mmoja, Jenkin Ratford, alikuwa Mwingereza kweli, na tarehe 31 Agosti alinyongwa Halifax. Watatu, William Ware, Daniel Martin na John Strachan, walikuwa Wamarekani waliokwisha kutiwa shokoa zamani katika manowari nyingine wakatoroka. Wawili kati yao hawakuwa wazungu. Walihukumiwa viboko 500 kila mmoja, kisha wakasamehewa viboko wakawekwa kifungoni. Ware alifia huko huko Halifax.

Nchi nzima ya Marekani ilipandwa na hasira. Jefferson angaliweza kupata vita siku ile lau angevitaka. Badala yake alimwandikia Monroe kule London adai fidia ya Chesapeake pamoja na kukomeshwa kwa shokoa yote, mambo mawili yafungwe kwa kamba moja. Canning alikuwa mwepesi wa kusema kuwa serikali yake haikudai haki ya kukagua manowari za nchi nyingine, na pengine fidia ingepatikana upesi. Ila kamba ile aliikataa. Oktoba Mfalme akatoa tangazo la kuwahimiza maofisa wake waendelee kuwatwaa mabaharia wa Kiingereza popote walipo katika merikebu za biashara za kigeni. Monroe alifunga mizigo yake akarudi kwao, baada ya miaka minne na ushei. Alichokuja nacho ni uchungu.

Uchungu huo aliuelekeza kwa Madison zaidi kuliko kwa Jefferson. Aliona ametumwa kazi isiyowezekana kisha akaachwa peke yake na lawama. Mwaka 1808 alikubali watu wachache wa Virginia wamsimamishe dhidi ya Madison katika kugombea Urais, akashindwa vibaya. Kwa muda wa miaka miwili Monroe na Madison, majirani kwa mashamba, hawakuwa wakisemezana ila kwa adabu ya njiani. Jefferson alifanya kazi kubwa ya kuwapatanisha, naye alikuwa mtu anayejua kungoja. Mwaka 1811 Madison, akiwa Rais mwenye mashaka mengi, alimwita Monroe awe Waziri wa Mambo ya Nchi za Nje. Akaitika.

AMRI YA JUNI

Mambo ya dunia hugeuka. Mtu aliyelaumiwa kwa kulegeza suala la mabaharia sasa ndiye aliyekabidhiwa kulishikilia. Novemba 1811 alifanikiwa kumaliza kesi ya Chesapeake na balozi wa Kiingereza, Augustus Foster: fidia italipwa na waliobaki hai watarudishwa. Martin na Strachan walirudishwa kweli, wakapandishwa juu ya sitaha ya Chesapeake ile ile bandarini Boston. Hiyo ilikuwa Julai 1812. Wakati huo nchi mbili hizo zilikuwa tayari zimo vitani kwa wiki tatu.

Vita vilitangazwa tarehe 18 Juni 1812. Siku tano baadaye, kabla habari hazijavuka bahari, Uingereza iliziondoa zile amri zake za kuzuia biashara ya nchi zisizopigana, zilizokuwa sababu kubwa ya pili. Kwa hiyo likabaki jambo moja tu la kupigania, nalo ni shokoa. Monroe alituma ujumbe London: simamisheni kukamata watu, nasi tutatunga sheria ya kuwakataza mabaharia wenu kuajiriwa kwetu, na bunduki zinyamaze. Waziri wa Uingereza, Lord Castlereagh, hakukubali. Amiri Warren alipoleta maneno ya suluhu kutoka Halifax, Monroe alimjibu vivyo hivyo. Machi 1813 Bunge la Marekani lilipitisha sheria hiyo ya kuwakataza mabaharia wa kigeni, iwe thibitisho la nia njema. Haikufaa kitu. Maagizo aliyowaandikia wajumbe wa amani mwaka 1813, na tena Januari 1814, yaliendelea kusema lile lile walilomwambia yeye mwaka 1806: bila ya kifungu juu ya mabaharia, hakuna mkataba.

Aprili 1814 Napoleon akaanguka. Majeshi ya Uingereza yaliyokuwa Ulaya yakawa huru kuvuka bahari, hazina ya Marekani ilikuwa karibu tupu, na majimbo ya kaskazini, ndiyo yenye mabaharia wengi, yalikuwa yakinung'unika dhidi ya vita vyenyewe. Mwishoni mwa Juni baraza la mawaziri likakata shauri. Monroe akawaandikia wajumbe walioko Ulaya, akina John Quincy Adams na Henry Clay, kwamba ikiwa hapana njia nyingine ya kupata amani, suala la shokoa waliache nje ya mkataba. Sijui kama mkono ulimtetemeka. Ilikuwa miaka saba tangu mkataba wake utupwe kwa sababu hiyo hiyo.

Miezi miwili baadaye, tarehe 24 Agosti, Waingereza waliingia Washington wakaichoma Ikulu na Bunge. Waziri Monroe, mtu wa miaka 56, alikuwa juu ya farasi akipeleleza njia za adui kama luteni wa zamani, na ni onyo lake lililowafanya makarani wa wizara wazitie nyaraka kuu za nchi, Tangazo la Uhuru likiwamo, katika mifuko ya kitani na kuzitorosha. Baada ya hapo alishika na wizara ya vita pia, wizara mbili kwa mtu mmoja.

Mkataba wa amani ulitiwa sahihi Ghent, mji ambao leo umo Ubelgiji, tarehe 24 Desemba 1814. Juu ya mabaharia haukutamka neno. Seneti iliupitisha Februari 1815 bila hata kura moja ya kupinga. Waliokuwa wamemcheka Jay na kumkemea Monroe walipiga makofi.

Kwa mabaharia wenyewe, mambo yalikwisha kwa njia nyingine. Vita vya Ulaya vilipokwisha, manowari ziliegeshwa na watu wakaachishwa kazi. Waliofungwa katika gereza la Dartmoor, baadhi yao wakiwa ni wale waliokataa kuipigania Uingereza dhidi ya nchi yao, walirudi kwao mwaka 1815, lakini si kabla ya walinzi kuwafyatulia risasi mwezi Aprili na kuua watu kadhaa, amani ikiwa imekwisha pitishwa. Miongoni mwa bandari zilizopoteza vijana katika shokoa ni Salem ya Massachusetts, ambayo merikebu zake baadaye zilikuja Unguja kununua pembe na gundi na kutuletea ile nguo ambayo mpaka leo huitwa merikani.

URAIS NA BAADAYE

Monroe alikuwa Rais tangu mwaka 1817 hadi 1825. Mwaka 1818 wajumbe wake walikaribia sana kupatana na Castlereagh juu ya mabaharia, wakashindwa kwa mambo madogo. Na mwaka 1824 kivuli cha shokoa kiliangukia watu wengine kabisa. Waingereza walitaka mataifa yakubaliane kukaguana merikebu ili kuwakamata wanaosafirisha watumwa kutoka Afrika. Mkataba ulitiwa sahihi London mwezi wa Machi, naye Monroe akauombea kibali, lakini Seneti, ikikumbuka maluteni wa Kiingereza wakipanda merikebu na kuchagua watu, iliupunguza hata Waingereza wakaukataa. Kwa karibu miaka 40 baadaye, mpaka mkataba wa 1862, mfanyabiashara ya watumwa aliyetaka kupita salama alipandisha bendera ya Marekani. Bendera iliyopiganiwa imfunike baharia asichukuliwe ilikuja kumfunika mwenye kuchukua.

Wala Monroe mwenyewe hakuwa mbali na hilo. Maisha yake yote alimiliki watumwa. Mwaka 1800, akiwa Gavana wa Virginia, mhunzi mtumwa aitwaye Gabriel alipanga maasi karibu na Richmond, na watu 26 wakanyongwa. Mtu aliyeandika barua chungu nzima juu ya Mmarekani anayekamatwa bila hatia na kufanyishwa kazi kwa mjeledi, alikuwa akiziandika kwa pesa za tumbaku iliyolimwa na watu kama hao. Suluhisho aliloliunga mkono lilikuwa ni kuwapeleka weusi walio huru pwani ya Afrika Magharibi, na ndiyo asili ya jina la Monrovia.

Alitoka madarakani na madeni makubwa, mengi yakitokana na miaka ya ubalozi, kwani Paris, Madrid na London zilimgharimu kuliko alivyolipwa. Aliuza shamba lake la Highland. Kwa miaka aliwasilisha hesabu zake mbele ya Bunge, tarakimu kwa tarakimu, na mwaka 1831 ndipo alipokubaliwa dola 30,000. Mkewe, Elizabeth, alikuwa amefariki mwaka mmoja kabla. Mzee alihamia kwa binti yake New York, na huko akafa tarehe 4 Julai 1831, sikukuu ya uhuru, kama walivyokufa Jefferson na John Adams siku hiyo hiyo mwaka 1826. Mpaka siku hiyo Uingereza ilikuwa haijatia sahihi karatasi yoyote ya kuacha haki ya kuwakamata mabaharia.

Alizikwa New York. Mwaka 1858, ukitimia mwaka wa 100 tangu kuzaliwa kwake, watu wa Virginia waliitaka maiti yake, ikafukuliwa na kupelekwa Richmond kwa meli ya moshi. Ilipita mlangoni mwa ghuba, kando ya rasi ya Henry, karibu na maji yale ambako Leopard iliifyatulia Chesapeake, na haikusimamishwa na mtu.